Damu ya Jimbo la Ziwa

Barabara ya lami inayotoka Bariadi hupita Dutwa na kufika Lamadi, inapokutana na barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Mgonjwa wa Simiyu mwenye barua ya rufaa hukata kushoto, kuelekea Magu na hatimaye Hospitali ya Bugando. Lakini kama barua yake imeandikwa selimundu, historia ya ugonjwa huo iko mkono wa kulia, upande wa Bunda na Musoma. Katikati ya miaka ya 1950 damu ya watu wa wilaya ya Musoma, watu wazima 654 na watoto wachanga 287, ilipimwa na kuhesabiwa, na hesabu hiyo ikaingia katika vitabu vya kufundishia jenetikia. Wapo wanafunzi wa vyuo vya mbali wanaoikokotoa hadi leo bila kujua Musoma iko wapi. Familia za kando ya ziwa, kwa upande wao, zilikaa miaka mingi bila kujua kwamba swali lililowasumbua lilikuwa limeshajibiwa, na kwamba jibu lilitoka katika damu yao.

Wakati ule hapakuwa na Mkoa wa Simiyu. Huo ulizaliwa mwaka 2012, ukakusanya Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu zilizotoka Shinyanga, pamoja na Busega iliyotoka Mwanza. Chini ya Waingereza, Bariadi, nchi ya watemi wa Ntuzu, ilikuwa ndani ya wilaya ya Maswa, na Maswa na Musoma zote zilikuwa wilaya za Jimbo la Ziwa. Mpaka kati yao ulimhusu zaidi mkusanya kodi. Watu walivuka kufuata malisho, mashamba mapya ya pamba, na wake. Mvua zikinyesha, mbu walikuwa wale wale.

Ugonjwa wenyewe haukuwa mgeni katika boma lolote. Mtoto huzaliwa mzima, ananyonya vizuri, anaongezeka uzito. Akikaribia nusu mwaka, au baada yake kidogo, vidole vya mikono na miguu vinavimba na kuuma, naye analia usiku kucha bila kidonda kinachoonekana. Macho yanaingia unjano. Bandama linajaa tumboni. Siku moja anaishiwa damu ghafla, na wengi hawakuivuka siku hiyo. Akiondoka huyu, miaka miwili baadaye mdogo wake anaanza safari ile ile, ilhali kaka yao mkubwa anachunga ng'ombe na hajaugua hata mafua. Katika nchi ambako kifo cha mtoto kilitafutiwa mtu aliyekisababisha, mpangilio wa namna hii ulikuwa na hatari yake. Aliyezaliwa mzima kisha akaharibika ndani ya miezi michache ni rahisi kudhaniwa kwamba ametupiwa kitu. Usukuma iliwahi kuua vikongwe kwa ushahidi mwepesi kuliko huo.

Sayansi ilianza kuuona ugonjwa huu mbali sana na hapa. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago aliandika habari za kijana kutoka kisiwa cha Grenada, Walter Clement Noel, aliyekuwa akisomea udaktari wa meno. Katika damu ya kijana huyo zilionekana chembe nyekundu ndefu, zilizopinda kama mundu. Noel alimaliza masomo, akarudi Grenada kufungua kliniki yake, akafariki dunia mwaka 1916. Kwa miaka mingi baadaye vitabu vya Marekani viliuita ugonjwa wa watu weusi na havikwenda mbele ya hapo.

Mwaka 1949 mambo yakaja kwa pamoja. James Neel alionyesha kwamba mgonjwa amerithi kinasaba kibovu kutoka kwa wazazi wote wawili, na kwamba mwenye kimoja tu haugui bali hukibeba. E. A. Beet, daktari wa serikali ya kikoloni kusini mwa Afrika ya kati, alifikia jambo hilo hilo kwa kufuatilia ukoo baada ya ukoo. Na huko California, Linus Pauling na wenzake walipitisha umeme katika himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu, wakaona kwamba himoglobini ya mgonjwa inatembea kwa mwendo tofauti na ya mtu mwenye afya, na kwamba mbebaji anazo zote mbili. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ugonjwa wa binadamu kuonyeshwa kwamba umo ndani ya molekuli moja. Vernon Ingram wa Cambridge alikuja kumalizia mwaka 1957: katika mnyororo wa beta wa himoglobini, wenye asidi-amino 146, ni ile ya sita tu iliyobadilika, valini imekaa mahali pa glutamiki. Kosa ni hilo moja.

Afrika Mashariki, hata hivyo, ilikuwa na fumbo ambalo California haikuwa nalo. Huko Uganda, Hermann Lehmann na Alan Raper waliokuwa wakipima damu za makabila mbalimbali walikuta kwamba miongoni mwa Waamba wa Bundibugyo, chini ya milima ya Rwenzori, karibu watu 40 kati ya 100 walikuwa na chembe za mundu. Kama kinasaba hiki kinaua kila anayerithi viwili, kila mtoto anayekufa anaondoka na nakala mbili. Baada ya vizazi vichache kilipaswa kuwa adimu. Hapa kilikuwa kimejaa tele. Tena wagonjwa wenyewe hawakuonekana: hospitali za Marekani zilikuwa na watu wazima wenye selimundu, lakini za Afrika zilikuwa nao wachache mno. Walikuwapo wataalamu waliodhani kwamba kinasaba hiki hakiwadhuru Waafrika wa Afrika, na kwamba kinakuwa kikali pale tu kinapochanganyika na damu ya kizungu. Nadharia hiyo ilikuwa na tatizo ambalo mama yeyote wa Ntuzu angeweza kuwaeleza: wagonjwa hawakuonekana hospitali kwa sababu walikuwa wamezikwa nyumbani kabla ya kufikisha miaka mitano.

Aliyefumbua fumbo hilo alikuwa mtoto wa walowezi. Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925 na kukulia Kenya, katika shamba la baba yake karibu na Gilgil. Aliujua mwinuko na homa kwa namna ambayo profesa wa Oxford asingeijua: ukishuka kutoka Bonde la Ufa kwenda Kisumu au Mombasa unakwenda kwenye malaria, ukipanda unaiacha. Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi wa udaktari Oxford, alijiunga na msafara wa chuo kwenda Mlima Kenya. Wenzake walitazama mimea na wadudu. Yeye alikusanya damu za makabila, lengo likiwa makundi ya damu, akaongeza kipimo cha selimundu kwa udadisi tu. Matokeo yakajipanga kufuata mwinuko: pwani na kando ya ziwa Viktoria wabebaji walikuwa zaidi ya 20 kwa 100, nyanda za juu walikuwa chini ya mmoja. Hapo akapata wazo kwamba mbebaji hulipwa kwa mzigo wake, na malipo ni kinga dhidi ya malaria.

Wazo hilo halikuwa lake peke yake. Beet alikuwa ameshaona kwamba wabebaji katika eneo lake hawaugui malaria sana kama wengine, na J. B. S. Haldane alikuwa ametoa dhana ya namna hiyo kuhusu ugonjwa mwingine wa damu wa watu wa Mediterania. Kilichokosekana ni ushahidi. Allison alimaliza masomo yake kwanza, kisha mwaka 1953 akarudi.

Kipimo chake kilikuwa chepesi na ndiyo maana aliweza kukitembeza vijijini. Unachoma kidole, unachukua tone, unalichanganya na tone la sodiamu metabisulfaiti iliyoyeyushwa, unafunika kwa kioo. Dawa hiyo hunyang'anya damu oksijeni yake. Baada ya muda mfupi, chini ya hadubini, chembe zenye himoglobini ya selimundu zinajikunja. Kwa mbinu ya zamani, ya kuziba tone kwa vaselini na kungoja, jibu lilichukua hadi siku nzima. Kwa namna hii Allison alipima watu karibu 5,000 wa makabila zaidi ya 30 ya Kenya, Uganda na Tanganyika, na popote malaria ilipokuwa ya kudumu, chembe za mundu zilikuwa nyingi.

Kisha akatazama watoto. Kati ya watoto 290 wa Buganda, 43 walikuwa wabebaji, na 12 kati yao walikutwa na vimelea vya malaria katika damu, yaani asilimia 27.9. Kati ya 247 wasiobeba, waliokutwa navyo walikuwa 113, asilimia 45.7. Tofauti ilionekana, ila haikutosha kwake, kwa hiyo akafanya jambo ambalo leo kamati yoyote ya maadili ingelirudisha mlangoni. Alichukua wanaume 30 wa Kijaluo waliojitolea, 15 wabebaji na 15 wasiobeba, akawaambukiza malaria kwa makusudi. Wasiobeba walishikwa 14. Wabebaji walishikwa wawili. Walitibiwa. Majina yao hayakuandikwa katika makala iliyochapishwa katika British Medical Journal mwezi Februari 1954, na walivyoelezwa, kwa lugha gani na kwa maneno gani, hayo makala haisemi. Tunalijua jina la aliyewachoma sindano, na ndiye aliyekwenda Oxford na sifa.

Musoma inaingia hapa, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu nzito kuliko jaribio la Wajaluo ingawa haina kishindo chake. Tone la metabisulfaiti lina udhaifu: linasema kama kuna himoglobini ya mundu, halisemi kama mtu ana kinasaba kimoja au viwili. Mbebaji mwenye afya na mtoto anayekufa wanaonekana sawasawa. Lakini mbinu ya umeme ya Pauling ilikuwa imerahisishwa kufikia kipande cha karatasi, na kwa karatasi hiyo watu walitengwa katika makundi matatu: wenye himoglobini ya kawaida tu, wabebaji, na wenye ya mundu tupu. Allison alichapisha hesabu hiyo mwaka 1956.

Watoto wachanga wa Musoma, 287: wa kawaida 189, wabebaji 89, wagonjwa 9.

Watu wazima wa Musoma, 654: wa kawaida 400, wabebaji 249, wagonjwa 5.

Ipo kanuni ya zamani, ya mwaka 1908, ya kukadiria makundi haya yangekuwaje kama kinasaba kinapita kutoka kizazi hadi kizazi bila kusukumwa na chochote. Ukiitumia kwa watoto wachanga, unapata 190, 87 na 10. Inakaribia kabisa kile kilichopimwa. Maana yake, watoto wa Musoma walizaliwa kama bahati nasibu ya urithi inavyotaka. Ukiitumia kwa watu wazima, unapaswa kupata wagonjwa 26, wabebaji 208 na wa kawaida 421. Wagonjwa waliopatikana ni 5. Wabebaji wamezidi kwa 41. Wa kawaida wamepungua kwa 21.

Katikati ya orodha hizo mbili kuna utoto wa miaka kumi na kidogo katika Jimbo la Ziwa. Wale 21 waliokosekana upande mmoja na wale 21 upande wa pili walikufa vifo viwili tofauti: hawa kwa selimundu, wale kwa malaria iliyowakuta bila ngao. Katikati yao wabebaji wamepita. Ndiyo sababu kinasaba hakiishi. Kila kizazi kinapoteza nakala zake pale mtoto mgonjwa anapokufa, na kinazirudisha pale mbebaji anapovuka homa iliyomuua jirani yake. Ufafanuzi huu ulikuja kuwa mfano mashuhuri kuliko yote wa uteuzi wa asili kwa binadamu, na uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2018 umeonyesha kwamba badiliko lenyewe huenda lilitokea mara moja tu, kwa mtoto mmoja wa Afrika, zaidi ya miaka 7,000 iliyopita.

Kwa familia, hata hivyo, hesabu iliyo na kazi ni ndogo zaidi. Baba mbebaji na mama mbebaji wakizaa, kila ujauzito una nafasi moja kati ya nne ya kuleta mgonjwa, mbili kati ya nne za kuleta mbebaji, na moja ya kuleta asiye na chochote. Kila ujauzito unaanza upya. Waliopata mgonjwa mtoto wa kwanza hawajamaliza deni, na waliopata watatu wazima hawajakwepa. Kuna nyumba yenye watoto wanane ambayo haijaona mgonjwa hata mmoja, na nyingine ya jirani imezika wanne, na wazazi wa nyumba hizo mbili wana damu sawa kabisa. Hili ndilo gumu kulieleza kuliko biokemia yote, kwa sababu jicho la kijiji linadai sababu ya tofauti hiyo.

Tena katika Usukuma ya mitala lilijitokeza jambo ambalo madaktari wa mjini hawakuliwaza sana. Chukua mwanamume mbebaji mwenye wake wawili. Mke mkubwa hana kinasaba; watoto wake wote wako wazima, ingawa nusu yao wanabeba bila kujua. Mke mdogo ni mbebaji kama mumewe, na watoto wake wanaanza kufa. Ukoo wote unaona ushahidi mbele ya macho: mzee huyu anazaa watoto wazima, basi ubaya umekuja na mke mdogo, au mke mkubwa amemroga mwenzake. Hakuna aliyekosea kutazama. Walichokiona kilikuwa kweli, na hukumu yao ilikuwa ya uongo, kwa sababu nusu ya kisa ilikuwa imejificha ndani ya mtu mwenye afya aliyekaa kwenye kiti cha mwenye boma. Mwanamke alirudishwa kwao, ng'ombe wa mahari wakadaiwa, akaolewa na mwingine asiyebeba na kuzaa watoto wazima. Hapo ndipo maneno yalizidi.

Baada ya 1956 ungetegemea kwamba elimu iliyochotwa Musoma itarudi Musoma. Haikurudi. Wataalamu wa Oxford na Cambridge waliendelea na swali lao, nalo lilikuwa swali zuri, lakini lilihusu kinasaba. Mtoto hakuwa ndani yake. Makerere, Hugh Trowell, Raper na Hebe Welbourn ndio waliofuatilia wagonjwa wenyewe na kuandika mwaka 1957 jinsi ugonjwa unavyokwenda kwa watoto wa Afrika. Tanganyika ikapata uhuru, ikahangaika na ndui, surua, kifua kikuu, njaa na maji. Bugando ilifunguliwa juu ya kilima chake Mwanza mwaka 1971, ikawa hospitali kubwa ya kanda, na wagonjwa wa selimundu wakalazwa humo kama popote: wanaongezewa damu, wanapewa dawa ya maumivu na ya malaria, wanarudi nyumbani hadi safari nyingine. Katika zahanati za vijijini wengi waliandikwa malaria au upungufu wa damu. Haikuwa uongo. Malaria ndiyo iliyowamaliza wengi wao, kwa kuwa ngao ya mbebaji haimfikii mwenye vinasaba viwili. Kwake homa moja inatosha kumaliza akiba ndogo ya damu aliyo nayo.

Mwaka 2004 timu ya Profesa Julie Makani ilianza kuwaandikisha wagonjwa Muhimbili, Dar es Salaam, na kuwafuatilia mmoja mmoja. Miaka saba baadaye walichapisha matokeo ya wagonjwa 1,725. Kwa jumla vifo vilikuwa 1.9 kwa kila miaka 100 ya ufuatiliaji, lakini kwa walio chini ya miaka mitano vilikuwa 7.3. Na hao ni wale waliofika kliniki. Kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi, Tanzania huzaa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na mataifa machache tu yanaizidi, Nigeria ikiwa ya kwanza.

Dar es Salaam ilikuwa imehesabu. Kanda ya Ziwa, kwenye chimbuko la hesabu zote, ilisubiri zaidi. Njia iliyopatikana hatimaye ilikuwa ya werevu wa watu wasio na fedha nyingi. Bugando ilikuwa ikipokea kadi za karatasi zenye matone ya damu iliyokaushwa, kutoka vituo vya afya vya mikoa tisa ya kaskazini magharibi, Simiyu ikiwamo. Ilikuwa damu ya watoto wachanga waliozaliwa na mama wenye virusi vya UKIMWI, waliochomwa kisiginoni ili ijulikane mapema kama wameambukizwa. Baada ya kipimo hicho karatasi ilibaki na damu. Daktari Emmanuela Ambrose na wenzake wa Bugando, wakishirikiana na hospitali ya watoto ya Cincinnati, walizichukua kadi hizo na kuzipima tena, mara hii wakitafuta himoglobini. Kwa kadi 17,200 za mwaka 2017 na 2018, wabebaji walikuwa asilimia 20.3 na wagonjwa asilimia 1.2.

Zilinganishe namba hizo mbili, utaona mwalimu wa hesabu wa shule ya kata pale Bariadi angeweza kuzifundishia. Mtu mmoja kati ya watano ni mbebaji. Uwezekano wa mume na mke wote wawili kuwa wabebaji ni mmoja kati ya 25. Robo ya watoto wa ndoa hizo ni wagonjwa: mmoja kati ya 100. Waliopimwa ni wagonjwa 1.2 kwa 100. Miaka 60 baada ya Allison, urithi ulikuwa ukifanya kazi yake ile ile kwa kanuni ile ile.

Kilichobadilika ni kinachofuata baada ya kuzaliwa. Mwaka 1986 Wamarekani walionyesha kwamba penisilini ya kila siku, dawa ya bei ya chini kabisa, inazuia maambukizi ya damu yanayowaua watoto ambao bandama lao limekufa. Chanjo ya nimonia iliingia katika chanjo za watoto wote Tanzania mwaka 2013. Na kuna haidroksiyurea, dawa ya zamani ya saratani, ambayo huuamsha mwili utengeneze tena himoglobini ile ya tumboni mwa mama. Ndiyo iliyomlinda mtoto miezi ile ya mwanzo alipokuwa mzima, kabla vidole havijavimba. Ilipojaribiwa kwa watoto 606 wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, na matokeo kutolewa mwaka 2019, maumivu yalipungua, mahitaji ya kuongezewa damu yakapungua, vifo vikapungua, na malaria nayo ikapungua. Hofu kwamba dawa hiyo ingewaacha watoto wa Afrika wazi kwa maambukizi haikutimia. Ni kidonge. Kinatunzwa nyumbani. Tatizo lake ni kwamba kinamezwa kila siku kwa maisha yote, kinahitaji kupima damu mara kwa mara, na mtoto lazima awe amejulikana mapema kwamba ni mgonjwa.

Hapo ndipo Simiyu ya leo ilipo. Mkoa una hospitali yake ya rufaa Nyaumata, Bariadi, na safari ya kwenda Mwanza si lazima kwa kila jambo kama zamani. Lakini mtoto wa Meatu, kwenye vijiji vinavyopakana na mbuga, bado hutambuliwa baada ya kuugua mara nyingi, si siku aliyozaliwa. Kupima kila mtoto mchanga ni kazi ya tone moja la damu kwenye karatasi, na Bugando imeshaonyesha kwamba karatasi hiyo inasafiri vizuri ndani ya basi. Ninaona hilo lina thamani kuliko kampeni za kuwapima wachumba. Katika kanda yenye mbebaji mmoja kwa kila watu watano, kipimo cha uchumba kitavunja ndoa nyingi zisizo na hatari yoyote, kwa kuwa wengi watasikia neno selimundu na kusahau kwamba ni lazima liwe pande zote mbili. Na atakayeachwa, kwa mazoea yetu, ni binti.

Uponyaji kamili upo pia, kwa wachache. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu mwaka 2023. Mwaka huo huo, mwezi Novemba, Uingereza iliidhinisha tiba ya kwanza inayohariri vinasaba vya mgonjwa mwenyewe, na Marekani ikafuata Desemba. Bei yake Marekani ilipoidhinishwa ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Sayansi iliyoipa tiba hiyo msingi ilikusanywa, kwa sehemu, katika vijiji vya Jimbo la Ziwa, kwa tone la bure.

Vyandarua na dawa mpya vimepunguza malaria katika mkoa huu ukilinganisha na enzi za Allison, na kadiri inavyopungua, faida ya mbebaji inapungua nayo. Miongoni mwa Wamarekani weusi, ambao wazee wao walitolewa Afrika karne kadhaa zilizopita na kupelekwa kusiko na malaria kali, wakachanganyika na wengine, mbebaji bado ni mmoja kati ya 13 hivi. Hata kama mbu wote wa bonde la mto Simiyu wangekufa msimu huu, wajukuu wa wajukuu wa watoto wanaozaliwa Nyaumata mwaka huu bado wangehitaji kliniki ya selimundu, na muuguzi anayejua kuwaeleza baba na mama, wakiwa wamekaa pamoja, kwamba kila mmoja wao ametoa nusu.